Kukaa Kitako

Fundi Ndahani alinipima kwa futi ya fundi cherehani,
toka kwenye kiwiko hadi pale kidole cha shahada kinapokunjika.
Akasoma: thelathini na mbili na nusu.
Ya marehemu ilikuwa thelathini na sita.
Akaandika daftarini, namba yangu arobaini na moja,
akasema, "Mama Nyemo, bunduki hii ilikuwa inakubeba wewe."

Chitema alikuwa mrefu.
Aliinama kuupita mlango wetu miaka ishirini na miwili,
na siku ya kutolewa tu ndiyo hakuinama.
Karatasi za kuirithi silaha yake zilikula mwaka:
kituoni, wilayani, mkoani,
picha ndogo nne, muhuri umefifia, rudi Jumatatu.
Nikadhani kusubiri nimeshakujua.

"Mti haujakauka," akaniambia mwezi wa sita,
akanionyesha kwa kidevu gogo la mninga juu ya dari.
"Nikichonga mbichi, mvua ya kwanza utapinda;
utalenga nguruwe, utampata jirani."
Nikacheka. Ningefanyaje?
Gogo juu ya dari, Mgogo chini kwenye benchi,
tukauke sote.

Mwezi wa nane msasa mlaini ulikuwa umeisha mjini.
Mwezi wa tisa walivuna zabibu Mpunguzi,
nikateremka nikamnunulia vichala viwili.
Akala, akatema mbegu kwenye kiganja,
akazitazama kama risasi,
akasema, "Wiki ijayo."
Wiki ijayo ya fundi haina Jumatatu.

Pale nyuma ya soko la Majengo
nilimkuta Bwana Loya wa Kondoa, anangoja springi
ndogo kuliko ukucha, tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Alijua kila ufa wa ukuta ule,
na mjusi mmoja alikuwa amempa jina.
"Kaa kitako, mama," akasema, akasogea.
Kaa kitako!
Nimekaa kitako kwa ajili ya kitako,
na ubao wa benchi lile, kwa makalio yetu,
umeng'aa kuliko kazi yoyote iliyotoka mle ndani.

Wanasema subira yavuta heri.
Yangu ilivuta nguruwe.
Mwezi wa tatu, karanga zimeanza kujaa,
wakaja usiku, jike na watoto saba,
wakafukua mstari kwa mstari
kama vibarua waliokwishalipwa.
Nikapiga debe kwa mwiko, mwiko ukavunjika.
Nikapiga sufuria.
Nikaliita jina la Chitema kwa sauti, mara moja,
jina ambalo sikuwa nimelitamka tangu arobaini yake,
na hilo ndilo lililowakimbiza.

Aprili simu ikalia: "Njoo."

Kilikuwa chekundu kama udongo wa Chipogoro uliolowa,
na mshipa mweusi ukipita pale shavu linapolala.
"Fumba macho," akasema. "Inua. Sasa fumbua."
Nikafumbua, na mtutu ulikuwa umetulia
juu ya msumari wa kalenda, ukutani, wenyewe,
kana kwamba mkono wangu ndio ulioazimwa.
Sikusema kitu. Nilitaka kukaa pale pale.

Lakini yeye alikuwa amekunja uso.
Akachukua futi, akapima bega, akapima tena.
"Umepungua, mama. Nusu sentimita.
Niachie wiki moja."

Bwana Loya, benchini, akakohoa kuficha kicheko.
Mjusi akajificha.
Nami nilijua fundi hadanganyi: mwaka huo nimeula kwa bega.

"Basi kile cha zamani nipe," nikasema.
Nikakifunga kwenye kanga, nikarudi nacho Chipogoro,
na usiku ule, mpakani mwa shamba,
nikalipiga debe kwa kitako cha Chitema,
thelathini na sita kamili,
kizito, kirefu mno kwangu,
na mlio wake ulifika mbali.